Taarifa za Raia ni Amana: Dola, Siri na Kuaminiana Katika Zama za Kidijitali



Wapendwa wasomaji, katika somo hili tunajaribu kujibu swali linalojirudia katika Jumuiya Ndogo Ndogo na hata katika mijadala yetu ya darasani: ikiwa serikali ina uwezo wa kujua tunampigia nani simu, tunamtumia nani fedha na tunasoma nini mtandaoni, je, Mkristo ana sababu ya kuwa na wasiwasi? Wapo wanaojibu kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa. Wapo wanaojibu kwamba serikali yoyote inayotazama wananchi wake ni adui yao. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Tunapendekeza tuanze na neno moja ambalo tunalitumia mara nyingi bila kulitafakari: amana.

1. Amana ni nini?

Amini, imani, amani na amana ni maneno ya ukoo mmoja, na yote yametujia kutoka Kiarabu. Amana ni kitu unachomkabidhi mwenzako akutunzie. Ndani ya neno hilo yamo mambo matatu. Kwanza, anayekitunza kitu hicho hakigeuki kuwa chake. Pili, anakitunza kwa lengo lile alilokabidhiwa. Ukimwachia jirani ng'ombe wako akuchungie, hana ruhusa ya kumchinja, hata kama unadaiwa naye. Tatu, siku ya kuulizwa ni lazima atoe hesabu. Mtakatifu Paulo anapomwagiza Timotheo ailinde amana aliyokabidhiwa (1Tim 6:20), anazungumzia imani. Lakini Timotheo alielewa agizo hilo kwa sababu kila mtu wa zama zake alijua maana ya kushika mali ya mwingine.

Hoja ya somo letu ni hii: taarifa za raia zilizo mikononi mwa serikali ni amana. Na mshika amana haaminiki kwa sababu amesema "niaminini". Anaaminika kwa sababu amekubali kufungwa na sheria ambayo hawezi kuifungua peke yake.

2. Siri ya mtungi

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Zamani kata zilikuwa chache: mwenzi wa ndoa, rafiki wa karibu, mganga, padre. Leo kata iliyozama ndani kabisa ya mtungi ni simu. Nchini Tanzania, kufikia Januari 20, 2020, wenye laini za simu walitakiwa wawe wamezisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo nyuma ya kila namba yuko mtu anayejulikana. Lengo lililotolewa lilikuwa jema, na aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anajua sababu yake.

Lakini tuelewe simu inatoa nini. Ili iweze kuita, mtandao lazima ujue iko karibu na mnara upi. Ili kampuni iweze kutoza, lazima iandike namba iliyopigwa, saa na muda wa mazungumzo. Hayo si maneno tuliyosema; ni taarifa kuhusu mawasiliano yetu. Watu wengi hudhani taarifa za namna hiyo hazina uzito. Tufikirie mtu ambaye saa kumi jioni amepigiwa simu na kliniki ya magonjwa ya kuambukiza, saa kumi na moja akampigia mkewe, saa mbili usiku akampigia dada yake, na saa nne akampigia paroko. Anayeisoma orodha hiyo hajasikia hata neno moja, ila habari yote anayo. Tukiongeza rekodi za fedha zinazotumwa kwa simu, yaani ada, michango ya harusi, rambirambi na zaka, tunapata picha ya maisha ya mtu ambayo hata mama yake mzazi hana.

3. Dola ina wajibu wa kweli

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayafundishi kwamba mamlaka ya kiserikali ni uovu wa lazima. Mamlaka yapo kwa ajili ya mafao ya wengi, na sehemu ya mafao hayo ni usalama. Mnamo Aprili 2, 2015, watu wenye silaha walivamia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya. Walioteseka na kuuawa walikuwa hasa wanafunzi, na wengi wao walitengwa na kuuawa kwa sababu ni Wakristo. Jumla ya watu 148 walipoteza maisha. Mzazi aliyempoteza mtoto Garissa ana haki ya kuuliza kwa nini wauaji hawakugunduliwa mapema. Hatuwezi kumjibu kwa kumsomea hotuba kuhusu faragha.

Wala siri yenyewe haina thamani isiyo na mipaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2491) inafundisha kwamba siri za kikazi, kama zile za maofisa, askari, madaktari na wanasheria, zinapaswa kutunzwa, isipokuwa pale ambapo kuitunza siri kutaleta madhara makubwa sana, na madhara hayo hayawezi kuepukwa ila kwa kuifichua. Tuone uzito wa masharti hayo. Katekisimu haisemi siri ifunguliwe ikileta faida au ikirahisisha kazi ya ofisi. Inazungumzia madhara makubwa sana, na njia nyingine iwe imekosekana.

Kwa hiyo swali letu halihusu kama serikali iruhusiwe kuchunguza au isiruhusiwe. Tunauliza: inachunguza kwa sheria ipi, kwa idhini ya nani, na inatoa hesabu kwa nani?

4. "Asiye na cha kuficha haogopi"

Kabla ya kuendelea, tuipime kauli hii, kwa kuwa inasikika hata miongoni mwetu waamini. Biblia yetu ya Kikatoliki inayo habari ya Susana katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili, waliowekwa kuwa waamuzi mwaka ule, walikuwa na mazoea ya kumtazama kwa siri katika bustani ya mumewe Yoakimu. Alipokataa kulala nao, walimshitaki kuwa amezini na kijana. Mkutano uliwaamini, kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi, na Susana akahukumiwa kufa.

Susana hakuwa na cha kuficha. Kutokuwa na hatia hakukumsaidia chochote, kwa sababu waliomtazama ndio walioshika mamlaka ya kueleza walichokiona. Kilichomwokoa ni kwamba Danieli alidai mashahidi wahojiwe. Aliwatenganisha, akamuuliza kila mmoja ni chini ya mti gani aliwaona, na kila mmoja akataja mti wake. Danieli hakuwaambia watu wasiwe na waamuzi. Aliwaambia kwamba mwamuzi naye apimwe.

Wengine huongeza: "Mbona Mungu anaona yote?" Ni kweli, na Zaburi ya 139 inaimba juu ya Mungu anayetuchunguza na kutujua. Lakini mzaburi anayafurahia macho hayo kwa sababu ni ya Yule aliyemuumba tumboni mwa mama yake. Mungu hakumkabidhi mwanadamu yeyote jicho la namna hiyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mwanadamu hawezi kuhukumu mambo ya ndani yaliyofichika, bali matendo ya nje yanayoonekana (ST I-II, q. 91, a. 4). Ndiyo maana tunahitaji sheria ya Mungu kwa yale yaliyo moyoni. Dola inayotaka kuujua moyo inadai nafasi isiyo yake.

5. Kutoka kipande hadi Huduma Namba

Tuchukue mfano wa karibu. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanaume Waafrika walilazimika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwajiri ndiye aliyeandika kama mtu ameruhusiwa kuondoka kazini, na aliyekutwa bila kipande aliadhibiwa. Taarifa za Mwafrika zilikusanywa, lakini hazikuwa amana yake. Zilikuwa kamba ya kumfungia.

Karibu miaka mia moja baadaye, Kenya huru ilianzisha mfumo mpya wa utambulisho, uliojulikana kwa wananchi kama Huduma Namba. Msingi wake uliwekwa mwaka 2018 kwa kupenyezwa katika muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, na uandikishaji wa watu wengi ukafanyika mwaka 2019. Sheria hiyo iliruhusu hata kukusanya vinasaba na vipimo vya setilaiti vya mahali mtu anapoishi. Wakati uandikishaji unaanza, Kenya haikuwa na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Ilipatikana Novemba 2019, baada ya mamilioni ya watu kuwa wamekwisha kuacha alama za vidole vyao.

Miongoni mwa waliokwenda mahakamani lilikuwapo Jukwaa la Haki za Wanubi. Wanubi wa Kenya ni wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, na kwa muda mrefu wamesumbuka kupata vitambulisho vya nchi waliyozaliwa. Waliogopa kwamba asiye na kitambulisho cha zamani angekosa na kipya, na hivyo kufungiwa mlango wa kila huduma. Mnamo Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kukusanya vinasaba na vipimo vya mahali ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo ungeweza kuendelea iwapo tu kungekuwa na kanuni kamili za kuulinda. Mnamo Oktoba 14, 2021, Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa za watu kama sheria ya 2019 inavyodai.

Tuone funzo. Mahakama haikusema vitambulisho ni dhambi. Ilisema kufuli linawekwa kabla ya mali kuingizwa ghalani. Na gharama ya kuupuuza utaratibu huo haikuwa ya serikali peke yake. Fedha za umma zilitumika, watu walipanga foleni, na mwishowe wananchi wengi walibaki na mashaka yaliyousubiri kila mfumo mpya uliofuata.

6. Sheria ipo, lakini imefichwa

Msomaji anaweza kusema: basi inatosha kuwa na sheria na mahakama. Marekani inatuonyesha kwamba haitoshi. Machi 2013, mkuu wa idara za upelelezi wa nchi hiyo, James Clapper, aliulizwa mbele ya Seneti kama serikali inakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani. Alikana, akasema si kwa makusudi. Mwezi Juni mwaka huohuo, nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden zilionyesha kwamba kampuni ya simu iliamriwa kukabidhi kila siku kumbukumbu za simu za wateja wake kwa shirika la upelelezi. Amri hiyo ilitoka mahakamani, lakini katika mahakama inayokaa kwa siri na kusikiliza kwa kawaida upande wa serikali tu. Sheria iliyotumika ilikuwa imechapishwa, bali tafsiri yake ilikuwa imefichwa. Mei 2015, mahakama ya rufani ilisema sheria hiyo haikuruhusu ukusanyaji wa namna ile, na mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuukomesha.

Hapa Mtakatifu Thoma anatusaidia tena. Katika maelezo yake ya sheria (ST I-II, q. 90, a. 4), anasema sheria ni agizo la akili kwa ajili ya mafao ya wengi, lililotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na likatangazwa. Neno la mwisho si pambo. Sheria ambayo maana yake halisi haijatangazwa haiwezi kumwongoza mtu, na mtu hawezi kuidai haki yake mbele yake. Upelelezi fulani unaweza kuwa wa siri. Huwezi kumtangazia mwizi siku ya kumkamata. Lakini sheria inayoruhusu upelelezi huo haiwezi kuwa siri.

7. Kanisa limejifunza nini kuhusu kushika siri

Hapa sisi Wakatoliki tuna kitu cha kuchangia. Kwa karne nyingi Kanisa limewakabidhi wanadamu dhaifu siri nzito kuliko zote, yaani dhambi za watu. Watu wanaendelea kuja kitubioni. Kwa nini? Si kwa sababu kila padre ni mtakatifu. Ni kwa sababu padre amefungwa.

Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kumsaliti muungamaji kwa neno au kwa namna nyingine yoyote. Anayeivunja siri hiyo moja kwa moja anajiingiza mwenyewe katika adhabu ya kutengwa na Kanisa, na kuondolewa kwake kumewekwa kwa Kiti Kitakatifu (kanuni ya 1386). Kanuni hiyohiyo, katika maandishi yaliyoanza kutumika Desemba 8, 2021, inaagiza pia aadhibiwe anayerekodi maungamo kwa chombo chochote au kuyasambaza kwa nia mbaya katika vyombo vya mawasiliano.

Lakini kanuni ya 984 ndiyo inayogusa zaidi somo letu. Inasema kwamba muungamishi haruhusiwi kutumia alichokisikia kwa hasara ya muungamaji, hata kama hakuna hatari yoyote ya siri kujulikana. Na aliye na madaraka haruhusiwi kutumia katika uongozi ujuzi wa dhambi alioupata kwa kuungamisha. Yaani siri haitoshi isivuje. Isitumike hata kwa ukimya.

Sisi mafrateri tunaishi ndani ya ulinzi huo. Kanuni ya 985 inaagiza kwamba Gombera wa seminari asiwaungamishe wanafunzi wanaokaa naye, isipokuwa wao wenyewe waombe kwa hiari katika nafasi fulani. Kanuni ya 240 inakataza kabisa kuomba maoni ya mlezi wa kiroho na waungamishi pale inapoamuliwa nani apewe daraja au nani aondolewe seminarini. Kanisa limetenganisha kiti cha anayesikiliza na kiti cha anayeamua. Laiti viti hivyo vingekuwa kimoja, hakuna frateri ambaye angemfungulia mlezi wake moyo. Na seminari ingelea waigizaji.

Hilo ndilo linalotishia taifa pia. Mgonjwa akiogopa kwamba taarifa za hospitali zitamfikia mwajiri, haendi kupima. Mkulima akiogopa kwamba malalamiko yake yataandikwa mahali, hasemi mbolea ilichelewa. Serikali inabaki na taarifa nyingi na ukweli kidogo.

Tuwe wakweli pia: Kanisa limejifunza upande wa pili kwa machozi. Mnamo Desemba 17, 2019, Papa Fransisko aliondoa siri ya kipapa katika kesi za unyanyasaji wa kijinsia zinazowahusu makleri, kwa kuwa siri hiyo ya kiofisi ilionekana kuzuia haki za waathirika. Siri ya kitubio haikuguswa. Tofauti ni kubwa: siri inayomlinda mtu ni takatifu, siri inayoilinda taasisi isiwajibike ni kidonda. Mwananchi wa kawaida anahitaji faragha, na mwenye madaraka anahitaji uwazi. Mahali ambapo mambo hayo yamegeuzwa, kuaminiana kunakufa.

8. Vipimo vinne

Dola si muungamishi, na faragha ya raia haina ukamilifu wa siri ya kitubio. Hata hivyo, kutokana na tuliyoyasema, tunaweza kupata vipimo vinne vya kupima mamlaka yoyote ya kuchunguza mawasiliano ya watu.

Kwanza, sheria inayojulikana: je, mwananchi anaweza kuisoma na kuelewa ni lini anaweza kuchunguzwa? Pili, lengo moja: je, taarifa iliyotolewa kwa ajili ya laini ya simu inabaki hapo, au inahamishiwa kazi nyingine bila kuulizwa? Tatu, idhini ya mwingine: je, anayetaka kuchunguza ndiye anayejiruhusu? Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2016 inataka hati nyingi za upelelezi zisainiwe na waziri, kisha zikubaliwe na kamishna ambaye ni jaji, ndipo zitumike. Nne, hesabu: je, aliyeonewa ana mahali pa kulalamika, na mkosaji anaadhibiwa?

Nchini Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023 na kuunda Tume yake. Kenya inayo Ibara ya 31 na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hizi ni kufuli nzuri. Kufuli hulinda pale tu ambapo mwenye mali anajua lipo, na anauliza ufunguo uko kwa nani.

9. Tuanzie nyumbani

Hatuwezi kuidai serikali kile tunachokipuuza parokiani. Kanuni ya 220 inamkataza yeyote kuharibu jina jema la mtu au kukiuka haki yake ya faragha, na haikuwaondoa viongozi wa jumuiya. Orodha ya wasiolipa zaka inaporushwa kwenye kundi la WhatsApp, tumevunja amana. Picha ya mgonjwa kitandani inaposambazwa "ili tumwombee" bila yeye kukubali, tumevunja amana. Mambo ya ndoa yaliyozungumzwa katika ofisi ya paroko yanapofika sokoni, watu hawatarudi ofisini. Muumini aliyefundishwa na parokia yake kwamba taarifa zake zina heshima ndiye atakayekuwa raia anayeuliza maswali mema bila chuki na bila woga.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu ni taarifa zipi za wanajumuiya tunazozitunza? Nani anaziona, na kwa lengo gani?
2. Tofauti kati ya siri inayomlinda mtu na siri inayoilinda taasisi tunaionaje katika maisha yetu ya kila siku?
3. Tukitumia vipimo vinne, ni kipi kinahitaji kuimarishwa zaidi katika nchi yetu, na sisi walei na mafrateri tunaweza kufanya nini kwa njia halali na ya amani?

Mwenyezi Mungu, aliyetukabidhi sisi kwa sisi, atujalie kuwa washika amana waaminifu. Amina.